Sumu Tuliyoikataa Kazini Tusiitie Nyumbani



Katika ukurasa huu mmezoea kusoma habari za mishahara, za zamu, na za waajiri wasiotaka kutoa glavu na viatu. Leo twaingia nyumbani. Wako watakaouliza: chama cha wafanya kazi kina nini na ndoo na tambara? Jibu letu ni fupi. Nyumba ni mahali pa kazi. Mwenye kupiga deki yuko kazini, awe analipwa au halipwi. Awe ni mke, binti, mama mzazi, au mtumishi aliyekuja mjini kutafuta riziki. Na katika nyumba nyingi za kwetu mtu huyo hufanya kazi kwa namna ambayo sisi wenyewe, tukiambiwa tuifanye kazini, tungegoma saa ile ile.

Sababu ya kuandika ni jambo lililotokea hapa hapa Magongo, katika ploti moja ya vyumba kumi na vyoo viwili. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na zamu ya kuosha choo ilikuwa imeifikia nyumba ya mwenzetu mmoja, mwanachama wa miaka mingi. Aliyetumwa ni msichana wao wa kazi. Akamwaga asidi ya choo. Doa halikutoka. Akachukua chupa ya jiki akaimimina juu yake, kisha akafunga mlango ili harufu isiwasumbue majirani waliokuwa wakinywa chai. Majirani hao ndio waliomtoa, akikohoa bila kupata pumzi, macho yakimtiririka. Alifikishwa hospitali akapona, alhamdulillahi. Lakini kwa muda wa wiki tatu hakuweza kubeba mtungi wa maji bila kuketi njiani. Na siku zile ambazo hakufanya kazi, mwenzetu alizikata katika mshahara wake.

Mwezi ule ule mwenzetu huyo alikuwa katika ujumbe uliokwenda kwa mwajiri kudai barakoa na glavu kwa watu wanaoosha makontena. Alisema vizuri sana siku ile, na barakoa zilipatikana. Hatumtaji jina, wala hatuandiki ili kumwaibisha. Alipoitwa na kamati alikubali kosa, siku zile amezilipa, na mwenyewe ametupa ruhusa tuyaseme haya. Twaandika kwa sababu wengi wetu tu kama yeye. Kazini sisi ni wafanya kazi. Tukifika nyumbani tunakuwa waajiri, tena waajiri wa aina ile ile tunayoilalamikia.

Kwanza tuelezane kilichomdhuru msichana yule. Jiki ni jina tulilolizoea sote, hata chupa ikiwa ya kampuni nyingine. Ndani yake mna maji yenye dawa iitwayo haipokloraiti ya sodiamu. Dawa hiyo ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Gesi hiyo ndiyo ambayo jeshi la Ujerumani liliwafungulia askari wa upande wa pili karibu na mji wa Ypres, huko Ubelgiji, mwezi wa Aprili 1915, na watu wakafa kwa kukosa pumzi. Chooni kipimo ni kidogo, lakini mapafu ni yale yale, na choo cha ploti ni chumba chembamba chenye kidirisha cha kiganja.

Jiki ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine, kloramini, nayo huunguza koo na mapafu. Amonia imo katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo, na mkojo uliolala nao huitoa. Kwa hiyo hata mtu anayemimina jiki peke yake katika choo kinachonuka mkojo, bila kumwaga maji mengi kwanza, huweza kushikwa na kikohozi. Wala msidhani ndimu na siki ni salama kuchanganya na jiki kwa kuwa ni vitu vya jikoni. Hizo nazo ni asidi.

Msichana hakujua haya. Nani alimwambia? Jiki ile ilikuwa katika chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa kibandani, haina karatasi. Chupa ya asidi ilikuwa na karatasi, lakini maandishi yake ni ya Kiingereza na madogo kama chawa. Alipewa chupa mbili na neno moja: "Ing'ae."

Basi, ndugu, tukumbuke tunayoyadai kazini. Twadai mambo matatu. Kwanza, tujue kilichomo ndani ya chombo. Pili, kama kuna kitu kipole kinachoweza kufanya kazi ile ile, kikali kiondolewe. Tatu, pale ambapo kikali hakiepukiki, anayekishika apewe vya kujikinga, apewe hewa, na akiumia asipoteze mshahara. Hayo matatu tuyachukue kama yalivyo tuyapeleke nyumbani.

Tuanze na la kwanza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kemikali za hatari ziwe na alama na maelezo. Mtu akitupa pipa lisilo na jina kazini, twalikataa. Lakini jioni twapita kibandani twanunua nusu lita ya kitu kisicho na jina, katika chupa ya soda, na kuiweka chini ya meza ambapo mtoto huitambaa. Tena tuseme ukweli unaotuuma: baadhi ya chupa hizo tumezileta sisi wenyewe. Wako kati yetu wanaofanya kazi katika gereji, katika viwanda na katika yadi za makontena, ambao humchukulia mke "dawa kidogo" ya kukatia mafuta, kwa kuwa inashinda sabuni. Kule kazini pipa lina picha ya fuvu au ya mkono unaoungua. Chupa ya zawadi haina picha. Huenda ni kostiki soda, ambayo huunguza ngozi, na mtoto akiinywa huunguza koo lake hata kulifunga. Huenda ni mafuta ya kusafishia mashine ambayo mvuke wake hulevya. Mke hajui, na sisi mara nyingi hatujui pia.

Chupa ya soda ni ya soda. Mafuta ya taa, jiki, kostiki na dawa ya mende zisiingie humo kamwe, maana mtoto husoma umbo la chupa kabla hajajua kusoma herufi. Na likitokea la kutokea, msimtapishe. Kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda, na mafuta ya taa yakitapikwa huweza kuingia mapafuni. Msimpe maziwa wala mafuta ya kula mkidhani mnaizima sumu. Msukutueni kinywa kwa maji, mkimbizeni hospitali, Port Reitz au kwingine kulio karibu, na mwende na chupa yenyewe ili daktari aione. Kama ni ngozi au jicho, osheni kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 mpaka 20 kabla ya jambo lolote.

Sasa la pili, nalo ndilo lenye faida kubwa kwa mfuko. Tumefundishwa na matangazo kwamba usafi una harufu. Nyumba isiponuka maua au dawa, mgeni atasema ni chafu. Hayo si kweli. Usafi ni kuondoa uchafu, na kitu kilichoondolewa hakina harufu. Uchafu mwingi wa nyumbani ni wa aina tatu tu: mafuta, vumbi, na magaga ya chokaa yanayoachwa na maji. Kila mmoja una mpinzani wake, na mpinzani huyo si mkali.

Mafuta huondolewa na sabuni. Chembe ya sabuni upande mmoja hupenda mafuta na upande wa pili hupenda maji, kwa hiyo huyashika mafuta na kuyapeleka na maji. Kipande cha sabuni ya mche, maji ya moto na kumbi la nazi huosha sufuria ikang'aa. Wengi wetu tutasema: "Lakini maji ya Magongo hayatoi povu." Ni kweli. Maji ya mfereji yakikatika twanunua ya kisima kwa mkokoteni, na maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi na chokaa. Sabuni ikikutana na chokaa huganda, ikafanya utandu mweupe badala ya povu. Ndipo mama hutia sabuni ya unga zaidi, na isipofaa hutia jiki. Pesa inakwisha, mikono inachubuka, na nguo bado ni nzito.

Dawa yake tunaijua tangu kwa bibi zetu, nayo ni magadi. Kampuni ya kuyachimba magadi katika Ziwa Magadi huko Kajiado ilianzishwa mwaka 1911, na kwa miaka mingi magadi yamekwenda ng'ambo kupitia bandari yetu ya Kilindini. Sisi watu wa Mombasa tumeyapakia melini kwenda kwa wengine, na nyumbani twayakumbuka siku ya kupika maharagwe tu. Kijiko cha magadi katika ndoo hushika ile chokaa, na sabuni ndogo ikatoa povu. Maji ya magadi hukata mafuta ya jiko na ya sakafu pia. Lakini nayo yana masharti: yanakausha ngozi, basi vaa glavu, na usiyalaze katika sufuria za alumini, maana huzila.

Magaga ya chokaa kwenye birika, kwenye mfereji na kwenye sinki hayahitaji asidi ya dukani. Siki au ndimu iliyokwisha kukamuliwa, ikiachwa pale nusu saa, kisha ikasuguliwa kwa chumvi, huyatoa. Shaba za Lamu na Unguja zimeng'arishwa kwa ukwaju na ndimu kabla hata hatujasikia jina la kampuni moja ya sabuni. Tusizidishe sifa, hata hivyo. Siki haiui vijidudu vyote, na doa la choo la miaka mitano halitoki kwa ndimu siku moja. Linatoka kwa burashi kila siku, kwa muda wa wiki chache. Asidi kali huuzwa kwa watu waliochoka, na waliochoka ni sisi.

Vumbi nalo halitaki dawa yoyote. Linataka maji na tambara. Hapa tukumbuke jirani zetu wa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa pale mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014, na madini ya risasi yakaingia katika udongo, katika vumbi na katika damu za watoto. Mama mmoja aliyefanya kazi katika kiwanda hicho, Phyllis Omido, alipigania haki ya kijiji kile mpaka akapewa tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikatoa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Hukumu hiyo ikabatilishwa katika rufani, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Kesi ile ilikuwa ya kiwanda, lakini fundisho lake linafika mlangoni kwetu. Risasi haiuliwi na jiki, wala haifukuzwi na harufu ya maua. Mwenzetu anayeshika betri, anayekwangua rangi za zamani au anayekata vyuma, na abadilishe nguo kabla ya kumpakata mtoto, nguo zile zifuliwe peke yake, na sakafu ipigwe deki kwa tambara bichi. Ufagio mkavu hulirusha vumbi juu, nalo hutua kwenye chakula.

Kuna kitu kingine kidogo kinachouzwa kila kichochoro, nacho ni vile vidonge vyeupe vya nafthalini, vya kutia kabatini na chooni. Baadhi ya watu wa pwani, kwa kuwa sisi ni watu wa nchi ya malaria, wamezaliwa na upungufu wa kitu katika damu ambao madaktari wanauita G6PD. Mtu mwenye upungufu huo huishi salama, hata pengine asijue anao. Lakini mtoto mchanga wa namna hiyo akifungwa katika nguo zilizolala na nafthalini, chembe nyekundu za damu yake huweza kupasuka, akageuka manjano na kuhatarisha maisha. Nguo za mtoto zikaushwe juani, zikunjwe, zitiwe katika sanduku linalofunga. Inatosha.

Je, twasema jiki itupwe? La, hatusemi hivyo. Mji huu umejua kipindupindu, na mwaka 2020 tuliijua korona. Klorini imeokoa watu wengi tangu daktari Semmelweis alipowaamuru wenzake wa Vienna, mwaka 1847, wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwazalisha akina mama. Lakini chombo kikubwa hutumika kwa kazi kubwa. Penye mgonjwa wa kuhara, jiki ina haki yake. Kwa sakafu iliyomwagiwa chai haina. Tena itumike kwa akili. Osheni kwanza kwa sabuni, maana uchafu huila klorini kabla haijaufikia mdudu. Halafu tieni jiki iliyozimuliwa. Ikiwa karatasi ya chupa inasema nguvu yake ni 3.5 kwa mia, kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji ya baridi kinatosha kwa sakafu na choo cha mgonjwa. Na ile ya kibandani, iliyokaa juani katika chupa nyeupe inayopenya mwanga? Joto na jua huivunja. Mwenye kuinunua huenda anapata harufu tu, akidhani amewalinda watoto wake. Chupa isiyo na karatasi ni hatari mara mbili: ikiwa kali huunguza, ikiwa dhaifu hudanganya.

Sasa la tatu, la mtu mwenyewe. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, walitangaza utafiti wao wa watu zaidi ya 6,000 waliofuatwa kwa miaka 20. Waliona kwamba wanawake waliokuwa wakisafisha, kwa kazi ya mshahara au nyumbani mwao, nguvu ya mapafu yao ilipungua upesi kuliko ya wanawake wasiosafisha. Wala haikuwa ajali ya siku moja kama ya yule msichana. Ilikuwa kidogo kidogo, dawa ya kupuliza leo na dawa ya kupuliza kesho. Wataalamu wale wenyewe wakasema kwamba kwa kazi nyingi maji na tambara vingetosha. Sisi watu wa bandari twajua ugonjwa wa namna hii. Hauna siku ya kuanza, na kwa hiyo hauna mtu wa kulipa.

Ndiyo maana twasema habari ya mtumishi wa nyumbani hapa katika gazeti la chama. Mgomo mkuu wa Mombasa, Januari 1947, haukuwa wa bandari na reli peke yake; watumishi wa nyumbani nao waliacha kazi, na mji ukasimama. Walisimama nasi. Tangu siku zile sisi tumepata mikataba, na wao wengi wao hawajapata hata glavu. Tarehe 16 Juni 2011, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189, unaosema kwamba kila mfanya kazi wa nyumbani ana haki ya kufanya kazi mahali palipo salama. Na ile sheria yetu ya mwaka 2007 inasema inahusu kila mahali pa kazi ambapo mtu yuko kazini, kwa muda au daima. Haikusema "isipokuwa jikoni kwa mwanachama." Chama cha KUDHEIHA huandikisha watumishi wa nyumbani; msichana wako akitaka kujiunga, usimzuie. Wewe ulizuiwa ukakasirika.

Tuwakumbuke pia akina mama wa vikundi wanaotengeneza sabuni ya maji hapa mtaani. Wanafanya kazi ya halali na sabuni yao inasaidia. Lakini ile Ufacid wanayoichanganya ni asidi kali mpaka ipozwe, na kostiki ikitiwa maji vibaya huchemka na kuruka. Hutiwa kostiki ndani ya maji, wala maji hayamiminwi juu ya kostiki. Wako pia wanaotia formalini ili sabuni isioze. Formalini ilitangazwa na shirika la utafiti wa saratani la dunia, mwaka 2004, kuwa huleta saratani kwa wanadamu. Hatuwaambii wafunge kazi. Twasema waiache formalini, wachanganyie nje penye upepo, wavae glavu na miwani, na waandike karatasi ya chupa kwa Kiswahili. Nasi tununue kwa yule aliyeandika.

Kwa haya yote, kamati ya tawi imekubaliana na mambo haya, na inawaomba wanachama wayashike:

1. Hakuna mwanachama atakayechukua kemikali ya kazini kuileta nyumbani, hata akipewa na msimamizi.

2. Kila chupa ya nyumbani iwe na jina lake, kwa Kiswahili, hata kwa kalamu na plasta. Ya hatari ikae juu, mbali na watoto.

3. Jiki isichanganywe na kitu chochote ila maji. Asidi ya choo isinunuliwe tena pale ambapo burashi ya kila siku inaweza kufanya kazi.

4. Anayeosha choo aache mlango wazi. Anayelalamika harufu aje aoshe yeye.

5. Aliyemwajiri mtu nyumbani amnunulie glavu, amweleze dawa kwa lugha anayoijua, na akiumia kazini amlipe siku zake na gharama za hospitali.

6. Wenye ploti waombwe kutia madirisha ya kutosha vyooni na kuweka pipa la maji. Barua ya kamati kwao imekwisha kuandikwa. Inangoja sahihi za wapangaji.

Wako watakaosema kwamba mwanamume hana habari ya mambo ya deki. Neno lenyewe la deki limetoka melini, na waliolileta nyumbani ni mabaharia na makuli wa bandari, wanaume kama sisi. Basi Jumamosi ijayo, kabla hujaenda barazani, shika burashi, ingia choo kile uone hewa iliyomo. Ukishakaa humo dakika kumi na mlango umefungwa, hutahitaji makala yetu.

Msichana yule amerudi kazini. Ana glavu, mlango hauufungi, na chupa ya asidi imeondoka. Katika mkutano wa tawi unaokuja, kila mwanachama aje na chupa moja isiyo na karatasi kutoka nyumbani kwake, na iwe imefungwa vizuri. Msizimwage mtaroni wala chooni. Mwenzetu wa kamati ya usalama atazipokea nje, mbali na watoto, azitenge moja moja bila kuzichanganya, na afisa wa afya ataulizwa la kuzifanyia. Twataka kuziona zote mezani, tuzihesabu, tujue tumekuwa tukiishi na nini.

Kamati ya Tawi, Magongo